Maneno ya Mama Kinywani mwa Ostrago

Bensonhurst, Brooklyn
Jumatatu, 21 Oktoba 2019

Kwako mdogo wangu Assunta,

Mimi mzima. Salamu utazikuta mwisho wa barua hii, kama ukifika huko utaona bado unazistahili.

Jana nimekwenda kumwona Ostrago. Ndiyo, huyo huyo. Ostrago mchawi, niliyemtia wino miaka kumi na saba, kurasa elfu tatu na zaidi, tangu mwaka 1963 mpaka walipokifunga kile kitabu cha katuni. Sasa wamemfanya sinema. Nimetoka mle ndani na kichefuchefu ambacho hadi leo asubuhi hakijashuka. Nimekunywa limau, nimekunywa soda, wapi.

Nianze mlangoni. Binti wa tiketi ananiambia, "Babu, hii si ya wazee, ina makelele." Nikamwambia, "Binti, huyo mwenye joho kwenye bango hapo nyuma yako, vidole vyake nimevizaa mimi." Akaangalia bango. Akaangalia mikono yangu. Akasema, "Haya babu, bisi unataka kubwa au ndogo?" Hao ndio watu.

Kazi yangu unaijua, lakini nitaisema tena maana nyinyi mkiambiwa mara moja mnasahau. Marehemu Haskell Drury alikuwa anachora kwa penseli. Penseli! Mikono ya Haskell ilikuwa kama uma. Ukurasa ukifika mezani kwangu Ostrago ana uma mbili badala ya mikono, na kampuni inautaka kesho. Nani aliyeipa mikono ile mishipa, kucha, na kile kidole cha mwisho kinachojikunja kama kinasikiliza? Mimi. Nilikuwa naulaza mkono wangu wa kulia juu ya meza, nautazama, na huu wa kushoto unatia wino, kuanzia kulia kwenda kushoto nisije nikafuta nilichochora. Brashi moja ya manyoya, ncha yake kama unywele wa mtoto mchanga. Wote waliofanya kazi hii New York walijua: kama ni mikono, mpelekeeni Sciortino. Shule nimeishia darasa la sita, lakini waliomaliza vyuo walikuwa wanasimama nyuma ya kiti changu wamenyamaza.

Sasa huyo wa sinema. Kifua kama godoro. Ostrago wetu alikuwa mwembamba, mtu wa kula nusu sahani, na miaka yote kumi na saba hakumpiga mtu ngumi hata moja. Huyu anapiga. Anapiga majini, anapiga polisi, anapiga mlima. Mikono inawaka taa za buluu kama baa ya bei rahisi. Wamemvisha joho linaloongea, joho linatania, watu wanacheka. Nikatema mate kwenye kikombe cha soda, ndivyo nilivyofanya, sikufichi.

Na hayo yote ningeyameza. Lakini karibu na mwisho, ulimwengu unataka kupasuka, yule godoro anapiga magoti jikoni kwa bibi mmoja. Anachukua sahani ya maji. Anadondosha mafuta ya zeituni, tone la kwanza, la pili, la tatu. Akafungua kinywa akasema maneno.

Maneno ya Mama, Assunta. Kwa Kisisilia chetu cha Montedoro. Ya kuondolea husuda. Yale ambayo Mama alikuwa anayasema bila sauti, midomo tu, mtoto akiwa ameonwa na jicho baya, analia hanyonyi. Yale yanayopokewa mkesha wa Krismasi tu, mwanamke kwa mwanamke, na ukiyatoa siku nyingine yanakufia mdomoni. Nimeyasikia kwenye spika kubwa kama makabati, watu mia mbili wanatafuna bisi, na nyuma yangu kijana anamwuliza mwenzake, "Hiki Kilatini?" Mwenzake anamjibu, "Hapana bwana, cha kubuni hiki." Cha kubuni!

Wala usiniambie wameyatoa kwenye vitabu vyetu. Katika vitabu vyetu sahani haimo hata ukurasa mmoja. Haskell aliwahi kuniomba, "Gerlando, nasikia kwenu kuna mambo ya mafuta na maji, tuyatie." Nilimwambia nitakunywa wino kwanza.

Anayeyajua maneno yale duniani amebaki mtu mmoja. Yuko Pittston, Pennsylvania, nyumba ya pili kutoka kanisani, ana goti bovu na anajifanya mtakatifu. Walikupa nini? Walikuja na maua? Walikuahidi kukuonyesha kwenye televisheni? Mtu una miaka themanini na moja, ndiyo unaanza kutafuta umaarufu!

Majina yanayopita mwisho wa sinema sikuyangoja. Nilitoka kabla sijatapika.

Usiniandikie mpaka uwe tayari kukiri.

Salamu sina.

Kaka yako,
Gerlando Sciortino
Mikono ya Ostrago


Pittston
29 Oktoba 2019

Kaka Gerlando,

Barua yako imefika. Mjukuu wangu Deanna alikuwa hapa, akaitazama bahasha akauliza kama aliyeiandika alikuwa anapigana nayo. Nikamwambia, ni babu yako wa Brooklyn, huwa anapigana na kila kitu. Akauliza tena kwa nini hatupigiani simu kama watu wengine. Nikamwambia kwenye simu hunyamazi.

Sikiliza. Sijamwambia mtu. Si mtu wa sinema, si padri, si marehemu mume wangu, aliyeniomba miaka arobaini mpaka akachoka. Sina la kukiri.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi uliopita kwa sababu ungekuja kunifundisha jinsi ya kuugua. Ni moyo. Kuna mlango mmoja haufungi vizuri. Wanataka kunipasua tarehe tisa Januari waurekebishe. Daktari ni kijana mzuri, ana mikono ya baridi. Anasema wengi wanaamka. Hakusema wote.

Kwa hiyo mkesha wa mwaka huu nilitaka kumpa Deanna maneno. Mama yake alikataa, unajua, aliona haya. Deanna ameomba mwenyewe. Anafanya kazi kwa daktari wa meno kule Scranton, anasema nusu ya wanaokuja meno yao ni mazima, wana kitu kingine. Nikifa bila kumpa, ndiyo basi, hakuna mwingine. Mama alipewa na mama yake, na yule na wake, mpaka huko juu ambako hakuna anayejua majina.

Sasa unaniambia yamesemwa kwenye spika. Kama ni kweli, mtoto nimpe nini? Nimpe maganda?

Nina swali moja, na ukijibu ujibu hilo tu, usiniletee habari za brashi. Maneno yale hapewi mwanamume. Mama hakukupa wewe. Lakini umekaa kwenye kiti cha sinema Brooklyn ukayatambua. Umeyatambuaje?

Mdogo wako,
Assunta

Goti ni la kushoto, na si bovu. Limechoka.


Brooklyn
4 Novemba 2019

Assunta,

Moyo gani? Hakuna Sciortino aliyewahi kufa kwa moyo. Baba alikuwa na mapafu yaliyojaa makaa ya mgodi na moyo wake ulikuwa unapiga kama nyundo mpaka siku ya mwisho. Mwambie huyo kijana wa mikono ya baridi akupime upya. Kula ini. Ngazi uache kupanda.

Unauliza nimeyatambuaje. Vizuri. Sina cha kuficha.

Mkesha wa mwaka 1946. Mimi miaka kumi, wewe minane. Mama ana mimba ya mdogo wetu Calogero, anaogopa hatatoka salama, ndiyo maana akakupa mapema vile, mtoto hata kamasi hujui kufuta. Nilikuwa nimejificha nyuma ya jiko la makaa, nimekunja magoti, nangoja mlale nile biskuti za tini. Mkaingia nyinyi wawili. Mama akafunga mlango, akakushika kichwa, akaanza kukunong'oneza, na wewe unarudia. Mimi nikarudia moyoni. Kichwa changu kilikuwa kama gundi, mpaka leo ni kama gundi. Halafu jiko likafuka, moshi ukanishika kooni, nikatambaa nikatoka kwa mlango wa nyuma kabla sijakohoa, nikakimbia kwenye theluji bila viatu mpaka kwa majirani, akina Butera. Hakuna aliyejua. Mtu mwingine angekohoa.

Kwa hiyo na mimi nimepokea. Mkesha ni mkesha na masikio ni masikio. Tofauti yangu na yako ni kwamba mimi nimekaa nayo miaka sabini na mitatu nimefunga mdomo.

Na nikuambie mapema kabla hujasikia kwa watu: ndiyo, wale wa sinema walikuja kwangu. Miaka miwili iliyopita. Waliona haiwezekani kumtengeneza Ostrago bila kuniuliza, na wako sahihi. Msichana mmoja, Whitney, na kinasa sauti kidogo kama kibiriti. Siku mbili. Nilimfungulia divai yangu, nikampikia tambi na dagaa kama alivyokuwa anapika marehemu mke wangu. Kila baada ya dakika anasema, "Mungu wangu, Bwana Sciortino!" Msichana mwenye adabu. Nimemwambia habari za wino. Wino, brashi, Haskell na uma zake. Kuhusu sahani sikutoa neno. Naapa kwa mikono hii.

Kwa hiyo tunarudi kwako.

Gerlando Sciortino


Pittston
Jumapili, 17 Novemba 2019

Kaka,

Nimeiona. Jana mchana Deanna alinipeleka Wilkes-Barre, tukakaa kwenye viti vinavyolala nyuma, mtoto akasema anajisikia yuko kazini.

Kuhusu sinema yenyewe nakubaliana nawe, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1971. Ni takataka. Kuna mahali mtu anakatwa mkono, na ule mkono unaendelea kupigana wenyewe. Mama mmoja mbele yetu alikuwa anakula soseji wakati huo huo. Nikatazama mkono, nikatazama soseji, nikafumba macho.

"Bibi, tutoke?"

"Tulia. Nasubiri sahani."

Sahani ikaja. Nimesikia, Gerlando. Nimeyatambua neno kwa neno. Ni ya Mama, hakuna cha kubuni pale.

Ila wewe ulikuwa unasikiliza tu. Mimi nimetazama. Kazi hii ni ya mikono kabla ya kuwa ya mdomo, na katika watu wote ni wewe ungepaswa kulijua hilo. Yule mwanamume ameishika sahani kwa kulia, akachovya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mama hakuwahi kufanya hivyo, wala mama yake. Ni kulia daima, na ni kidole gumba. Kwa kushoto ni kumkaribisha shetani mezani. Wewe Mama alikufunga mkono huo kwa kitambaa cha jikoni mwaka mzima uache kula nao, na hukuacha.

Kwa hiyo aliyewaonyesha ni mtu wa kushoto, aliyeona kidogo na kusikia kidogo. Simtaji.

Na sisi majina tuliyangoja. Dakika kumi nzima. Lako lipo, chini ya watu waliotunza farasi: wanamshukuru G. Sciortino kwa ukarimu wake.

Kwenye gari Deanna akaniuliza, "Bibi, mbona kimya?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Wapumbavu wa ukoo. Kila nikihesabu narudi kwa mmoja yule yule."

Bi Falzone wa ng'ambo ya barabara, ambaye nimemwondolea jicho kila mwezi tangu mumewe amkimbie, alikuja Alhamisi na kichwa chake kinauma. Akakaa. Nikaweka maji. Akaanza kucheka. "Nisamehe Assunta, naona kama sasa hivi utatoa taa za buluu." Nikamwaga maji, nikampa kahawa.

Deanna ameniuliza kama mkesha wetu bado upo. Sijamjibu. Sahani nimeirudisha kabatini.

Assunta


Brooklyn
21 Novemba 2019

Assunta,

Watu wa kushoto duniani ni mamilioni. Wamekuwapo marais wa kushoto. Pengine yule godoro mwenyewe ni wa kushoto. Pengine wameigeuza picha, sinema wanageuza picha kila siku, mimi nimefanya kazi na picha miaka arobaini, wewe umefanya kazi na nani? Na ukarimu ni wa tambi! Nimemlisha mtoto wa watu siku mbili, kushukuriwa imekuwa kosa?

Unanichefua kuliko sinema.

Nitathibitisha. Kinasa sauti kipo, na kila nilichosema kimo. Nimemwambia Whitney aniletee siku zote mbili, mwanzo mpaka mwisho, asikate hata kikohozi. Nikikipata nitawasikilizisha wewe, Deanna, padri wenu na huyo Bi Falzone, mtakaa kwenye mstari mniombe radhi mmoja mmoja.

Gerlando Sciortino


Brooklyn
Ijumaa, 6 Desemba 2019

Assunta,

Mwandiko leo ni mbaya kuliko siku zote, vumilia.

Whitney ametuma. Siku hizi hawatumi kitu, wanatuma njia ya kukifuata kitu, ikabidi niende maktaba ya mtaa. Mama wa pale, Mchina mmoja mpole, akanivisha vile vya masikioni. "Babu, sauti nipandishe?" Nikamwambia pandisha, nataka hata wewe usikie mtu mkweli.

Siku ya kwanza ni wino. Siku ya kwanza niko vizuri, hata wewe ungependa. Siku ya pili inaanza na Haskell. Halafu nasikia kizibo cha chupa kinatoka. Halafu kingine.

Halafu yule msichana anasema, na hakusema kwa ubaya, "Bwana Sciortino, mambo ya kale kama yale ya sahani na mafuta, nadhani hakuna tena anayeyakumbuka." Na kuna mtu anacheka. Kicheko cha jogoo aliyepanda juu ya paa. Anasema, "Hakuna anayekumbuka? Mimi, Sciortino, nisahau? Lete sahani hiyo. Wanawake wa kwetu wanadhani wanayo wao tu. Ninayo mimi tangu nina miaka kumi, na dada yangu mpaka leo hajui!" Maji yanamiminwa. Yule mtu anasema maneno, polepole, ili msichana aandike. Halafu anamwuliza, "Umepata? Nirudie?"

Nikarudia. Mara tatu, Assunta. Ya tatu kwa madaha, kama nipo jukwaani.

Nilivua vile vya masikioni. Mama wa maktaba akaniuliza kama nataka maji. Nikamwambia hapana.

Siku ile siikumbuki. Nakumbuka tambi. Nakumbuka "Mungu wangu, Bwana Sciortino." La sahani lilinipita kama nimepiga chafya, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko yote. Kama ningeyauza ningekumbuka bei. Nimeyatoa bure, kwa msichana aliyenitazama vizuri kwa dakika mbili. Nimerudi nyumbani nikatapika, na safari hii si kwa ajili ya godoro. Sauti ile. Niliisema sinema chafu, kumbe uchafu waliuchota jikoni kwangu, na kijiko niliwapa mimi.

Katika kazi yetu mtu akikosea mstari kuna rangi nyeupe. Unafunika kosa, unangoja ikauke, unachora upya juu yake, na mhariri mwenyewe hajui. Nimekaa siku nne natafuta rangi nyeupe ya jambo hili. Nimemwandikia Whitney wakate kile kipande. Amejibu, kwa adabu, kwamba imeshaonyeshwa nchi arobaini.

Wewe nilikuita mtafuta umaarufu.

Tarehe tisa unaingia kwa yule daktari. Ukiingia hujampa Deanna kwa sababu yangu, basi Mama nimemzika mara ya pili mimi mwenyewe. Kuomba radhi sijui, sikufundishwa, nyumbani kwa Baba kitu hicho hakikuwepo. Namna yangu ni hii: ni mimi. Ni mimi. Ni mimi. Mara tatu, kama nilivyomrudia yule.

Gerlando


Pittston
12 Desemba 2019

Kaka yangu Gerlando,

Kaa chini. Kama umeshakaa, simama ukanywe maji, halafu ukae tena.

Barua hii nimeingoja tangu nilipotoka kwenye ile sinema. Ningeweza kukuambia siku ile ile, sikutaka. Nilitaka uje mwenyewe. Ulisema goti langu bovu, nikakuacha uive.

Nilikuandikia kwamba maneno yale nimeyatambua neno kwa neno. Kweli. Nikakuandikia ni ya Mama. Kweli tena. Hukuuliza ni ya nini.

Mkesha ule Mama hakunipa kitu kimoja, alinipa viwili. Alianza na kidogo ili nizoee. Alianza na ya minyoo.

Minyoo, Gerlando. Ya watoto. Tumbo likivimba, mtoto akasaga meno usingizini, unampaka mafuta kitovuni, unahesabu siku za Wiki Takatifu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mpaka Jumapili ya Pasaka, na hiyo Jumapili mnyoo unaanguka chini umekufa. Naweza kukuandikia kwa sababu hayo umeshayaua. Ya husuda yalikuja baadaye, na wakati huo wewe ulikuwa unakimbia kwenye theluji bila viatu, umenisimulia mwenyewe na majivuno juu. Ndiyo maana yule godoro wako ameishia Ijumaa Kuu. Kwenye mnyoo wenyewe hakufika. Sahani ulikuwa unaiona kila siku, maneno uliyasikia mara moja, ukaviunganisha vitu viwili visivyojuana.

Nchi arobaini! Joho linaongea, mbingu inapasuka, na shujaa amepiga magoti anawatoa majini minyoo. Pale kwenye gari nilikaa kimya kwa sababu mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kuzuia kicheko. Daktari amenikataza kucheka hivyo mpaka Januari.

Lakini usijidanganye kwamba nimekusamehe kwa kuwa ulikosa shabaha. Ulilenga. Ulidhani unatoa yale yenyewe na ukayatoa. Na ya minyoo yalikuwa mazuri. Mama alimponya nayo Calogero, nilimshika miguu mimi. Siku hizi kuna vidonge, najua. Hata hivyo Deanna ataishi bila kuyapata, na watoto wake, na hilo ni lako, litembee nawe.

Ya husuda nitampa. Tarehe ishirini na tatu atakuja kukuchukua kwa gari. Mkesha utakaa kwa Bi Falzone ng'ambo ya barabara mpaka nitakapowasha taa ya barazani. Jiko la makaa halipo tena, lakini wewe hata ukuta mtupu sikuamini nao.

Leta koti zito.

Assunta


Brooklyn
Jumamosi, 28 Desemba 2019

Mdogo wangu Assunta,

Nimefika. Deanna anaendesha kama anafukuzwa, lakini nimefika. Salamu nyingi sana, nakupa za leo na zote nilizokunyima tangu Oktoba.

Bi Falzone aliniweka saa mbili nzima mbele ya televisheni na paka wake mwenye pumzi mbaya. Nilikaa nimeligeuzia dirisha mgongo, muulize. Niligeuka mara moja tu, kuangalia taa. Na Deanna alipokuja kuniita sikumwuliza kitu. Alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mpaka ukingoni.

Sasa tuje kwenye sababu ya barua hii, ambayo ni malalamiko.

Siku ya Krismasi baada ya chakula ukamwambia, "Anza na babu yako, amebeba macho ya watu miaka sitini." Nikakubali. Nikakaa wima, nikavua miwani, maana kama kuna mtu aliyehusudiwa Marekani hii ni mimi. Haskell alinihusudu. Wale wa vyuo wote walinihusudu. Mtoto akaweka maji. Kidole gumba, cha kulia. Midomo ikatembea, nikatega sikio kwa mazoea, nikajikumbuka, nikaziba. Mafuta yakadondoka.

Matone yakiungana yakawa jicho moja, umehusudiwa. Yakikaa kila moja peke yake, huna kitu. Mimi nilijiandaa kwa jicho la kuenea sahani nzima.

Yakakaa. Matatu. Kila moja mahali pake, kama vifungo vya shati.

"Babu, uko safi."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama, babu. Safi kabisa."

Na wewe ukageukia dirishani mabega yanatetemeka, usidhani sikukuona, na kicheko umekatazwa.

Safi! Miaka themanini na mitatu, mikono hii, kurasa elfu tatu, na New York nzima hakuna hata mmoja aliyenionea kijicho? Nimeona kinyaa njia nzima kutoka Pittston. Nilitaka kusema mtoto amekosea. Nilitaka kusema maneno yameharibika. Lakini jioni ile Bi Falzone alivuka barabara ameshika kichwa, Deanna akamwekea maji, na yule mama hakucheka, na mafuta yakakusanyika mbele ya macho yangu yakawa jicho, mtoto akalikata kwa kisu na chumvi, na Bi Falzone akarudi kwake mikono iko mifukoni. Niliutazama mkono wa Deanna. Nimetazama mikono maisha yangu yote, Assunta, najua mkono unaojua unachofanya.

Kwa hiyo ni kweli. Niko safi. Ni neno baya sana kumwambia mtu kama mimi.

Tarehe tisa nitakuwa hapo kabla huyo kijana hajanawa mikono yake ya baridi. Nitakaa kwenye kiti cha hospitali mpaka waufunge huo mlango. Deanna aje na sahani, nataka nipimwe upya mbele ya mashahidi. Na wewe uwe umeamka, maana sitakubali kuambiwa niko safi mara ya pili kama hupo hapo unanicheka.

Kaka yako,
Gerlando